Shuka hupimwa mara tatu

Juma lililopita niliahidi kwamba leo tutaongea juu ya madaftari ya watoto na namna ya kuyafunika ili yafike mwisho wa mwaka. Yangoje kidogo. Jumatano, kisha mkutano wa akiba, mama mmoja wa kikundi chetu alibaki nyuma akatueleza jambo lililompata usiku. Ameniruhusu niliandike bila jina lake.

Ana mtoto wa miezi 4. Anamlaza kando ya kitanda chake, kwenye matela ndogo, na juu yake alitandika shuka la kitanda kikubwa lililokunjwa mara mbili, sababu hakuwa na lingine. Saa nane za usiku aliamka, yeye mwenyewe hajui kilichomwamsha. Mtoto alikuwa amepigapiga miguu, shuka limetoka upande mmoja, limepanda, na mkunjo wake umemfunika pua na mdomo. Alilivuta haraka, mtoto akalia. Alituambia hajawahi kufurahia kilio cha mtoto kama usiku ule. Mtoto ni mzima, tulimwona pale pale mgongoni mwake.

Kisha akaniuliza: “Mwalimu, lazima ninunue la namna gani?” Tulikuwa wamama sita. Hakuna aliyejibu upesi, hata mimi. Sote tunanunua mashuka, ma-dra kama tunavyosema sokoni, kwa kuangalia rangi na maua na kwa kushika uzito wa kitambaa. Muuzaji akisema “mama, hili ni la nafasi mbili”, tunalipa. Nyumbani, kisha siku tatu, tunaanza kugombana na watoto kwamba hawajui kulala vizuri, kumbe kosa si lao.

Matela ina urefu, ina upana, na ina kimo. Watu wengi wanajua mbili za kwanza. Kimo ndicho kinachosahauliwa, na ndicho kinachokula kitambaa.

Nichukue matela ya kwangu: santimetri 140 kwa 190, ile ya nafasi mbili, na kimo 15. Shuka lisilo na lastiki lazima lifunike juu, lishuke kwenye pande zote, halafu libaki na kipande cha kuingiza chini. Upana: 140, ongeza kimo mara mbili, yaani 30, ongeza 25 za kuingiza chini kila upande, yaani 50. Jumla 220. Urefu ni hesabu ile ile: 190 na 30 na 50, jumla 270. Kwa hiyo natafuta shuka la 220 kwa 270. Nikileta nyumbani la 200 kwa 240, chini ya matela zitaingia 15 ubavuni na 10 tu upande wa kichwa na wa miguu. Hilo litatoka kabla ya jogoo kuwika. Kwa ninavyoona mimi, 20 za kuingiza chini zinatosha, 25 ni vizuri, na ukibaki na 15 usishangae asubuhi.

Hapo pia mtaelewa sababu ya jambo ambalo wamama wengi wameniletea: “nilibadilisha matela, na mashuka yangu yote yameharibika.” Hayajaharibika. Ulitoka kwenye matela ya kimo 15 ukaenda kwenye ile ya kimo 25, urefu na upana ni vile vile, lakini kila shuka limepoteza santimetri 20 kwa upana na 20 kwa urefu. Kabla ya kununua matela nene, hesabu pia bei ya mashuka mapya.

Ukipima, pima matela na si kitanda. Seremala wetu anapenda kuongeza nafasi kidogo, mwingine anapunguza, na kitanda cha nafasi moja na nusu cha fundi huyu si sawa na cha fundi yule. Na kimo pima kwenye ukingo, sababu katikati matela ya zamani imekwisha kulala chini.

Mwaka huu niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tano kazi ya nyumbani: wapime matela na shuka lake, walete vipimo, tufanye hesabu pamoja darasani. Niliona ni kazi nzuri, haina gharama. Asubuhi nilipokusanya madaftari nilikuta msichana mmoja ameandika: “Tunalala watoto watano kwa upana. Nimepima upana wapi?” Na mvulana mmoja alikuwa ameandika vipimo vya mkeka, 90 kwa 180, na mahali pa kimo ameweka sifuri. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Sikusoma madaftari kwa sauti siku ile kama nilivyopanga. Mambo niliyojifunza kwenye Taasisi juu ya kuchukua mifano katika maisha ya mtoto, nilisahau kujiuliza ni maisha ya mtoto gani.

Lakini swali la msichana yule lilikuwa la maana kuliko somo langu. Watoto wakilala kwa upana, vichwa vyao na miguu yao iko kwenye zile pande mbili ndefu za matela. Ni pale wanapovuta na kusukuma usiku kucha. Kwa hiyo kitambaa kingi lazima kiwe pale, hata kama pande fupi zinabaki na kidogo. Ukiwa na shuka moja tu na halitoshi pande zote, usiligawanye sawasawa. Uliza kwanza: miguu ya watoto iko wapi? Kwa wale wanaolalia mkeka, shuka la 130 kwa 220 linatosha, linaingia 20 chini ya kila upande, na mkeka wenyewe ni mzito wa kulishika. Mtoto anayekojoa kitandani, weka kipande cha shitingi chini ya shuka, lakini kipande hicho pia kiingie chini ya matela, kisiwe kidogo cha kuteleza katikati.

Sasa mashuka ya balo, sababu wengi wetu tunayapata pale Kadutu na masoko mengine. Angalia kikaratasi cha kitambaa kilichoshonwa pembeni, na ujue kinasema nini. Shuka lisilo na lastiki kutoka Ufaransa linaandikwa ukubwa wake lenyewe: 180 kwa 290 ni la mtu mmoja, 240 kwa 300 ni la watu wawili. Lakini shuka la lastiki linaandikwa ukubwa wa matela: 140 kwa 190, ao 90 kwa 190. Mama asiyejua anaona 140 kwenye moja na 240 kwenye lingine, anafikiri la kwanza ni dogo la mtoto. Kumbe yote mawili ni ya kitanda kimoja. Kutoka Ujerumani mara nyingi utakuta urefu wa 200. Shuka la lastiki la namna hiyo kwenye matela yetu ya 190 litabaki na santimetri 10 za kulegea, yaani mikunjo chini ya mgongo. Kutoka Uingereza, neno “double” ni matela ya 135, ndogo kidogo kuliko yetu. Ukililazimisha, litakunja pembe za matela nyepesi mpaka ifanane na mtumbwi.

Na hata la lastiki lina kimo chake. Mara nyingine kimeandikwa, 25 ao 30, mara nyingine hapana. Kipime wewe: shika pembe, pima ule mshono wa pembe kutoka juu mpaka chini kwenye lastiki. Mshono huo lazima uzidi kimo cha matela yako kwa santimetri 8 ao 10. Kama ni sawasawa na kimo, lastiki itakaa ubavuni, na mtu akigeuka tu, pembe inaruka. Vuta lastiki pia. Ikinyooka na kurudi polepole kama mtu aliyechoka, omba punguzo, kisha fundi aweke mpya. Bei ya lastiki si kitu karibu na bei ya shuka.

Aliye na mashini nyumbani, ao fundi wa karibu, asikilize hapa. Kikwembe kizima cha yadi 6 kina urefu wa karibu mita 5 na santimetri 48, na upana wa karibu 116. Ukikate katikati, ushone vipande viwili ubavu kwa ubavu, unapata karibu 274 kwa 230. Angalieni tena hesabu ya matela yangu. Ni kama kilitengenezwa kwa ajili yake! Kifue kwanza, kabla ya mkasi, kwa sababu pamba inarudi nyuma kidogo inapofuliwa mara ya kwanza, na kifue peke yake mpaka maji yawe safi, la sivyo mgongo wa bwana utachukua rangi. Hata kikipungua kidogo, na pindo zikichukua santimetri chache, bado unabaki na 20 ao zaidi za kuingiza chini. Mshono wa katikati ukunjwe na kushonwa mara mbili, ulale chini, usimkwaruze mtu. Faida nyingine inakuja kisha miaka kadhaa: kitambaa kinapochakaa pale katikati tunapolalia, fumua mshono ule, geuza vipande, zile pande zilizokuwa chini ya matela zije katikati, shona tena. Shuka limepata maisha ya pili. (Sisemi ukate kikwembe cha sherehe. Mama yangu mzazi akinisoma hapa atanipigia simu.)

Narudi kwa mama yetu na matela yake ndogo. Tuliipima: 60 kwa 120, kimo 10. Kikwembe cha yadi 6 ni vipande 3 vya yadi 2, na kipande kimoja kinatosha shuka la mtoto bila mshono wa katikati. Kisha kukifua, kikate kiwe 110 kwa 170. Kwenye kila pembe ondoa mraba wa santimetri 24. Unganisha kingo mbili za kila mraba ulioondolewa kwa mshono wa santimetri 1, pembe inasimama kama pembe ya sanduku. Pitisha lastiki kwenye pindo la chini kuzunguka lote. Fundi wetu alilimaliza kabla ya chai kupoa.

Kwa mtoto mchanga shuka lazima libane. Lililo kubwa ni hatari kuliko kutokuwa nalo. Lijaribu hivi: shika katikati ya shuka kwa vidole, vuta juu kwa nguvu. Kama pembe moja inatoka, lisitumike kwa mtoto. Asiye na lastiki wala fundi anaweza kutandika shuka bapa ambalo pembe zake zinaweza kukutana chini ya matela, kisha kugeuza matela na kufunga pembe mbilimbili kwa mafundo huku chini, upande wa kichwa na upande wa miguu, halafu airudishe na kuvuta tena kujaribu. Mafundo yawe chini kila mara. Na juu ya matela ile pasiwe na mto, wala shuka lingine la ziada, wala kikwembe kilichoachwa pale “kidogo tu”. Kama kuna baridi, mvalishe mtoto nguo nzuri ya kulalia.

Jambo moja la chandarua. Shuka linaingia chini ya matela kwanza, chandarua kinafuata juu yake. Wengi tunafanya kinyume: chandarua kwanza, shuka kisha. Shuka likitoka usiku linavuta chandarua pamoja nalo, na mbu hahitaji mlango mkubwa. Kama seremala ameacha matela imebanwa sana ndani ya mbao na mkono haupiti, mwambie apunguze ubao wa pembeni. Ni kazi ya dakika chache.

Jumatano ijayo nitakuja na mita ya fundi. Kila mmoja alete vipimo vitatu vya matela yake kwenye karatasi, tutafanya hesabu pamoja kabla ya kugawa akiba, kusudi wale wanaopanga kununua mashuka kwa pesa ile waende sokoni na namba mkononi. Anayelalia mkeka alete vipimo vya mkeka. Anayelaza watoto kwa upana aandike hivyo juu ya karatasi, na idadi yao. Madaftari tutayafunika juma lingine.