Mafuriko ya Budalang'i: Nani Ataziba Ufa?

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Budalang'i, Kaunti ya Busia, mambo yalikwenda kinyume: ukuta ulijengwa kwanza, nyufa zikafuata. Matuta ya udongo yaliyojengwa kandokando ya Mto Nzoia yalibomoka mwaka 2003, yakabomoka tena 2007 na 2008.

Aghalabu baada ya gharika mapendekezo huwa yaleyale: matuta yainuliwe, wakazi wahamishwe, bwawa lijengwe juu mtoni, tahadhari itolewe mapema. Mjadala huishia kwenye gharama. Kigezo kinachostahiki ni kingine: nani ataitunza hatua hiyo wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamepungua na wafadhili wameondoka?

Kwa kigezo hiki, kuinua matuta pekee hakutoshi. Nzoia hubeba udongo uliomomonyoka katika nyanda za juu na kuutua kwenye tambarare. Sakafu ya mto hupanda, na tuta lililokuwa refu jana likawa fupi leo. Mifugo wanaoshuka kunywa maji nao hulimeng'enya. Isitoshe, Ziwa Viktoria lilipofura mwaka 2020, maji yaliingia kutoka upande ambao tuta la mto halikingi.

Kuwahamisha wakazi kuna mantiki, lakini hao ni wakulima na wavuvi. Tope liletalo maafa ndilo pia lirutubishalo mashamba yao. Anayehamishwa pasipo ardhi wala riziki atarudi, na ni vigumu kumlaumu. Bwawa nalo lingepunguza kishindo cha maji, ila huchukua miaka kujengwa, huweza kuwang'oa wengine kule juu, na hujaa tope misitu isipohifadhiwa.

Lililo karibu zaidi ni tahadhari ya mapema. Mvua ya Cherang'any na Mlima Elgon haifiki Budalang'i papo hapo. Muda huo ndio uhai. Hata hivyo, tahadhari ni lugha. Taarifa ya milimita na asilimia haimwambii mama mwenye watoto watatu aondoke lini na apitie wapi. Sharti isemwe kwa Kiswahili chepesi na kwa Kinyala, nao ni wajibu ambao wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawawezi kuwaachia wahandisi.

Uamuzi wa busara, basi, ni kuanza na madogo yanayodumu: kamati za vijiji za kukagua matuta kila kiangazi, zikitengewa fedha katika bajeti ya kaunti, njia maalumu za mifugo, miti katika nyanda za juu, na tahadhari inayoeleweka. Wapo watakaosema kwamba hayo ni madogo mno mbele ya mto mkubwa. Lakini ufa nao huanza mdogo, na nyumba nyingi za Budalang'i zimesombwa na maji yaliyopitia humo.