Utosi ukibonyea, tatizo haliko kichwani

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miezi minane alipoanza kuharisha. Ilikuwa Februari, hapa hapa Makole, mvua zimechanganya. Siku ya pili mama mkwe, aliyekuja kutoka Kongwa kunisaidia kulea, alimpakata, akampapasa kichwani, akaniita. "Mwanangu, njoo uone. Utosi umezama." Kisha akamfungua mdomo, akanionyesha uvimbe mweupe kwenye ufizi. Kwake jibu lilikuwa limepatikana: meno ya plastiki. Na mtaa wa pili kulikuwa na mzee anayeyatoa.

Wazazi wenzangu, mkwe habishiwi hovyo. Nilimwambia, "Sawa mama, ila tupite kwanza kituo cha afya. Wakishindwa, tutaenda kwa huyo mzee." Akakubali, kwa shingo upande.

Mama aliona vizuri. Utosi ulikuwa umezama kweli. Alichokosea ni maana yake.

Fuvu la mtoto mchanga si mfupa mmoja. Ni vipande vilivyokaa jirani bila kuungana. Wakati wa kuzaliwa hupandana kidogo ili kichwa kipite, ndiyo maana wengine huzaliwa na kichwa kilichochongoka kisha kinarudi chenyewe. Halafu ubongo unahitaji nafasi: mzunguko wa kichwa huwa karibu sentimita 35 siku ya kuzaliwa, na akitimiza mwaka hufika kama 46. Pengo kubwa la mbele ndilo utosi. La kisogoni ni dogo, hufunga ndani ya miezi miwili au mitatu. La mbele kwa watoto wengi hufunga kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu, na wengine hufika hata miaka miwili.

Kwa kuwa pale hakuna mfupa bali utando, yanayotokea ndani huonekana nje. Kudunda kwake ni mapigo ya damu tu, usiogope. Lakini mtoto akipoteza maji kwa kuhara au kutapika, utosi huzama. Mafuta ya nyonyo hayarudishi maji mwilini, wala masizi, wala chale. Na ukiona umevimba na kukaza wakati mtoto ametulia na umemshika wima, huku ana homa au anatapika, usingoje kesho; inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Akiwa analia hutuna kidogo, hiyo ni kawaida.

Sasa hayo meno ya plastiki, ambayo wengine huyaita ya nailoni. Wataalamu wa meno hapa Tanzania wameliandika jambo hili tangu miaka ya 1980, na bado linatutafuna. Mtoto huzaliwa na vichipukizi vya meno yake 20 ya utoto vikiwa tayari ndani ya mifupa ya taya. Vile vya chonge hutuna kwenye ufizi miezi mingi kabla ya kutoboza, na umri huo ndio mtoto anaanza kutambaa, anaokota kila kitu chini na kutia mdomoni. Anaharisha. Mzazi anafungua mdomo, anaona uvimbe, anaunganisha mawili yasiyohusiana. Anayetoa hufukua kwa spoku ya baiskeli au msumari, bila ganzi. Kinachotoka ni laini na cheupe kwa sababu ni jino changa ambalo halijakomaa, na mzazi anaamini ameonyeshwa plastiki. Mtoto ambaye tayari hana maji anapoteza na damu, taya linaingia vijidudu, pepopunda haiko mbali. Wapo waliokufa. Waliopona, wengine wamekua bila chonge, au jino la ukubwani limeota likiwa na kasoro, kwani nalo lilikuwa linatengenezwa hapo hapo chini.

Kituoni tulipewa ORS na vidonge vya zinki vya siku kumi. Muuguzi alinionyesha kumnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, akitapika nisubiri dakika kumi niendelee, na ziwa nisimnyime. Ukikosa pakiti usiku, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote sawasawa na ukingo, si vya kurundika. Hiyo ni ya kukufikisha asubuhi. Kama amelegea, macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, usingoje asubuhi hiyo.

Kesho yake jioni mama mkwe alimpapasa tena kichwani. Hakusema kitu, ila habari za yule mzee hazikurudi.

Neno moja la kifua, maana Juni na baridi yake ya Dodoma vinakuja. Mbavu za mtoto ni laini bado. Akiwa na nimonia, sehemu ya chini ya kifua hubonyea kila anapovuta pumzi. Mvue nguo, mwangalie akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika nzima: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi hadi atimize mwaka, 40 au zaidi kuanzia hapo hadi miaka mitano. Ukiona hivyo, au kifua kinabonyea, mpeleke hospitali. Kukata kimeo hakutibu nimonia.

Baba mmoja wa Chang'ombe ameuliza kama ni salama kumwosha mtoto utosini, kwa kuwa mkewe anaparuka na pameota magamba. Paosheni, baba, kwa kiganja na sabuni laini. Ule utando ni imara, msiuminye tu.