Gari Likivuta Kulia, Mgonjwa Huenda Yuko Kushoto

Msomaji mmoja wa Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru, ameleta swali ambalo bila shaka linawasumbua wengi wenye magari yaliyokula chumvi. Anasema gari lake dogo, lenye umri wa zaidi ya miaka 20, hukimbilia upande wa kulia kila anapokanyaga breki. Amekwenda kwa fundi mara mbili. Mara zote mbili fundi alifungua gurudumu la mbele la kulia, akabadilisha pedi, akalipwa, na gari likaendelea kuvuta kulia kana kwamba halikuguswa. Sasa mkewe amekataa kulipanda pamoja na watoto. Anauliza: je, auze gari?

Naam, mama huyo ana haki ya kuogopa. Nchini Kenya tunaendesha upande wa kushoto wa barabara. Gari linalovuta kushoto litakutupa mtaroni, lakini linalovuta kulia litakupeleka mbele ya lori linalokuja. Wakazi wa Nakuru hawahitaji kufundishwa maana ya kugongana ana kwa ana. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, pale Migaa, basi na lori viligongana na watu 36 wakapoteza maisha.

Hata hivyo, gari si la kuuzwa bado. Wala asinunue pedi nyingine kabla ya kusoma haya.

Nani anavuta nani?

Mwanafunzi wa sekondari aliyesoma kanuni ya Pascal atatusaidia hapa. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yaliyofungiwa ndani ya paipu husukumwa, na presha hiyo husambaa sawasawa. Gurudumu la mbele la kulia na la kushoto hupata presha ile ile. Kwa hiyo, yote mawili yanapaswa kuzuiwa kwa nguvu moja, na gari lisimame likiwa limenyooka.

Gari likienda kombo, maana yake ni kwamba gurudumu moja linafanya kazi na jingine limelala. Hebu fikiria watu wawili wanaovuta mkokoteni. Wa kushoto akilegea, mkokoteni hugeukia wapi? Katika breki ni kinyume cha mkokoteni, kwani kazi ya gurudumu hapa ni kuzuia. Upande unaozuia zaidi hubaki nyuma, ule usiozuia hutangulia, na gari hugeukia upande unaozuia.

Ndiyo sababu gari la msomaji wetu linavuta kulia. Yaelekea gurudumu la kulia ni zima na linafanya kazi yake, na la kushoto ndilo limegoma. Fundi alimtibu mwenye afya mara mbili, akamwacha mgonjwa. Lakini nasema "yaelekea", kwa sababu yawezekana pia kwamba la kulia limeng'ang'ania na haliachii. Kati ya hayo mawili ni lazima upime, usikisie.

Anza na tairi

Kabla ya kugusa breki, pima presha ya matairi yote manne asubuhi, yakiwa baridi. Tairi la mbele lenye upepo kidogo huweza kulivuta gari, na kipimo hiki katika kituo cha petroli hakihitaji fundi. Tazama pia kama matairi mawili ya mbele yanafanana. Moja likiwa jipya na jingine limekwisha, hayatashika lami kwa nguvu moja.

Kisha tafuta barabara iliyonyooka, tambarare na isiyo na magari. Endesha polepole na ulegeze mikono kwenye usukani, bila kuuachilia na bila kukanyaga breki. Kumbuka kwamba barabara nyingi huinamia pembeni ili maji ya mvua yatiririke, hivyo gari kuelekea kushoto kidogo ni jambo la kawaida. Likivuta kwa nguvu hata bila breki, tatizo laweza kuwa matairi, magurudumu yasiyosawazishwa, au breki iliyoganda. Likienda sawa na kuvuta pale tu unapokanyaga, basi endelea kwenye kipimo kifuatacho.

Kipimo cha joto

Breki hufanya kazi kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Joto halijui kusema uongo.

Endesha gari kilomita chache kwa mwendo wa kadiri, ukitumia breki kama kawaida. Simama mahali salama palipo tambarare, tia hendibreki, kisha uzunguke gari. Sogeza mgongo wa kiganja karibu na rimu ya kila gurudumu la mbele. Usiguse, kwani utaungua, na watoto wasikaribie kabisa.

Kama gari linavuta kulia na rimu ya kulia ina joto la kawaida huku ya kushoto ikiwa karibu baridi, mgonjwa ni wa kushoto. Kama ya kulia inawaka moto na kunuka kitu kilichoungua, hata baada ya safari ambayo hukukanyaga breki sana, basi ya kulia haiachii. Kwa kipimo hiki kisichogharimu hata senti moja, umeshajua gurudumu la kumwonyesha fundi.

Fundi akishafungua

Kwa kuwa presha ya mafuta ni moja, aghalabu hitilafu ya kuvuta upande huwa kwenye gurudumu lenyewe au kwenye paipu ya mpira inayoliendea. Simama kando ya fundi na umwombe atazame mambo haya.

La kwanza ni pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Katika magari mengi madogo, pistoni ipo upande mmoja tu. Husukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima huteleza na kuivuta pedi ya nje. Pini zikishika kutu, pedi ya ndani huliwa peke yake na ya nje hubaki nene. Ukiona tofauti kubwa ya unene kati ya pedi mbili za gurudumu moja, shuku pini. Watu wa Lanet wana sababu ya kuwa waangalifu zaidi. Udongo wa huko una jivu la volkano, laini kama unga, na jina Nakuru lenyewe huhusishwa na neno la Kimaasai la mavumbi. Vumbi hilo hupenya kwenye kimpira kilichopasuka cha pini, na mvua ikinyesha huwa tope. Dawa yake mara nyingi ni kusafisha, kutia vimpira vipya na kupaka grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida isitumike, kwani huvimbisha mpira.

La pili ni pistoni yenyewe. Ikiwa pedi zote mbili za gurudumu baridi ni nene na diski yake imepakwa kutu badala ya kung'aa, pistoni haisukumi. Huenda nayo imeshikwa na kutu kwa sababu mafuta ya breki hayajabadilishwa kwa miaka mingi.

La tatu ni paipu ya mpira. Hii huwadanganya hata mafundi wazoefu, kwani kwa nje yaweza kuonekana nzima na kwa ndani imevimba. Mguu wako una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite, lakini yanashindwa kurudi, na gurudumu linabaki limekamatwa. Inua gurudumu kwa jeki, gari likiwa limewekewa stendi imara, kisha fundi afungue kidogo skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa. Gurudumu likiachia pale pale, presha ilikuwa imenaswa, na paipu hiyo ndiyo mshukiwa wa kwanza. Likibaki gumu, shida ni pistoni au pini.

La nne ni mafuta juu ya pedi. Pedi iliyorowa mafuta ya breki au grisi haishiki diski vizuri. Usikubali isuguliwe kwa msasa na kurudishwa. Izibwe kwanza njia ya mafuta, kisha ziwekwe pedi mpya.

Ikiwa hayo yote ni mazima, fundi achunguze bushi za mikono inayoshikilia magurudumu ya mbele. Bushi iliyochakaa huruhusu gurudumu kurudi nyuma unapokanyaga breki, na gari hugeuka ingawa breki hazina kosa. Mashimo na barabara za vumbi huziua bushi mapema.

Usichanganye kuvuta na kutikisika. Usukani ukitetemeka unapokanyaga breki ukiwa kasi, tazama diski, ambayo huenda imeliwa visivyo sawa. Na pedali ikizama hadi chini, hilo si swali la kuuliza gazetini: liegeshe gari.

Mambo ya kushikilia

Pedi hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia kwa pamoja, hata kama upande mmoja bado ni mzima. Ukiweka mpya upande mmoja umejitengenezea ugonjwa ule ule. Mwambie fundi akurudishie spea zote za zamani uzione kwa macho yako. Asipulize vumbi la breki kwa hewa ya kompresa, kwani pedi za magari ya zamani mara nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta maradhi ya mapafu. Alifute kwa kitambaa chenye maji.

Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachokubaliwa ni nyuzi 140 tu. Yakichemka, mvuke hujaa ndani ya paipu na pedali hukosa nguvu. Anayeteremka kutoka Dundori kuja Lanet na shehena ya viazi hana nafasi ya kujifunza somo hilo njiani. Kwenye mteremko kama ule tumia gia ndogo, na usiweke gia huru ati unaokoa petroli. Kipande cha Salgaa hadi Sachangwan kilipata sifa mbaya nchini kwa malori yaliyoteremka namna hiyo.

Kwa msomaji wetu, basi, jibu ni hili. Asiuze gari, lakini asilitoe barabara kuu hadi gurudumu la kushoto lifunguliwe mbele yake. Likishatengenezwa, alijaribu kwanza peke yake, polepole, mahali pasipo na watu. Akanyage breki mara kadhaa, mwanzo taratibu kisha kwa nguvu zaidi, na gari linapaswa kusimama limenyooka. Halafu apime joto tena. Rimu za kulia na kushoto zikilingana, hapo ndipo anaweza kumwita mkewe na watoto wapande.

Safari njema.