Ushungi wa Binti na Moto wa Maabara



Waswahili husema ajali haina kinga. Hata hivyo, zipo ajali ambazo kinga yake huanzia kwenye kabati la nguo, nyumbani mwetu.

Mabinti zetu wa shule za upili husoma kemia mbele ya vichomeo vya gesi. Tundu la hewa likiwa wazi, mwali wake huwa wa buluu hafifu, hauonekani vyema mchana. Ncha ya ushungi ikining'inia, yaweza kushika moto kabla mwenyewe hajatambua. Mitandio ya poliesta huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Pamba nayo huungua, lakini haiyeyuki.

Hatusemi stara iachwe. Twasema binti avae mtandio mfupi wa pamba, ncha zake azitie ndani ya koti la maabara, mikono ya nguo isiwe mipana, na miwani ya kinga isivuliwe.

Jambo la pili ni umbali. Mwaka 2014, Chama cha Kemia cha Marekani kiliwataka walimu waache kuonyesha rangi za chumvi kwa kuwasha methanoli juu ya meza iliyo wazi. Mwalimu akidhani moto umezimika, akaongeza methanoli, mvuke hulipuka na mwali hutoka chupani kama mshale hadi kwa wanafunzi. Chupa kubwa na ifungwe na kuondolewa kabla ya kiberiti kuwashwa, nao wanafunzi wakae mbali.

La tatu ni zito zaidi. Mtandio ukishika moto, binti huenda akasita kuuvua mbele ya wavulana. Tumwambie mapema, kwa kinywa chetu wenyewe, kwamba dharura ina hukumu yake, na uhai ni amana: auvue papo hapo. Nguo ya mwilini ikiwaka, asikimbie. Alale chini na kubingirika. Jeraha limwagiwe maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Kitambaa kilichonata kisibanduliwe, wala pasipakwe samli au dawa ya meno, apelekwe hospitali.

Neno hilo la ruhusa, mama, usimwachie mwalimu. Akilisikia kwako, hatasita.

Wabillahi tawfiq.