Si kila mwanachama apewe kalamu

Jumapili ya leo ningependa tuzungumze juu ya daftari la chama. Zamani daftari hilo lilikuwa kitabu chenye jalada gumu, kilichokaa kabatini kwa katibu chini ya kufuli. Aliyetaka kukisoma alikisoma mkutanoni, mbele ya macho ya wenzake. Aliyeruhusiwa kuandika ndani yake alikuwa mmoja, na mwandiko wake ulijulikana na wote.

Siku hizi daftari limehamia mtandaoni. Vyama vya akina mama, vya jamaa, na hata kamati za mazishi na za arusi huweka orodha ya michango katika huduma kama Google Drive. Humo kazi haihifadhiwi ndani ya simu ya mtu mmoja, bali katika kompyuta za kampuni zilizoko mbali, na kila aliyeruhusiwa huifungua popote alipo. Wataalamu huliita ghala la namna hii wingu. Huduma hiyo ilianza mwaka wa 2012, nayo haitozi malipo mradi vitu vyako visizidi gigabaiti 15.

Ni jambo jema. Ndugu aliye kazini Doha huona mchango wake umeandikwa kabla hajalala. Hata hivyo, kuna swali ambalo aghalabu hatuliulizi hadi maji yamezidi unga: ni nani ana ruhusa ya kufanya nini katika daftari hilo?

Chukua mfano huu. Chama kina wanachama 20, na kila mmoja hutoa Sh1,000 kwa juma. Katibu, kwa haraka zake, anafungua akaunti moja na kutuma neno la siri katika kundi la WhatsApp ili kila mtu ajionee. Baada ya miezi mitatu mama mmoja anagundua kwamba Sh12,000 zake zimekuwa Sh10,000. Nani amebadilisha? Haijulikani, kwa maana wote 20 huingia kwa jina moja. Pengine ni mtoto aliyekuwa akichezea simu ya mamake. Lakini macho yote yanamgeukia mweka hazina. Hata kama mikono yake ni safi, hana la kujitetea. Hapo ndipo chama huvunjika, na mara nyingi ujirani na udugu huvunjika pamoja nacho.

Usinielewe visivyo, msomaji, ukadhani nasema kikulacho ki nguoni mwako. La hasha! Kumwekea mtu mpaka si kumshuku. Mpaka humkinga yeye mwenyewe siku shuku itakapozuka.

Ngazi nne za ruhusa

Katika Google Drive ruhusa zimepangwa kwa ngazi nne. Ya kwanza ni ya mtazamaji, ambaye husoma tu asiweze kugeuza hata nukta. Ya pili ni ya mtoa maoni. Huyu husoma na kuandika pembeni, "Hapa pana kasoro," lakini hesabu yenyewe haigusi. Ya tatu ni ya mhariri, ambaye ana kalamu mkononi. Huyu huandika, hufuta na, usipomzuia, aweza pia kuwakaribisha watu wengine. Ya nne ni ya mmiliki, mwenye nyumba, ambaye ndiye wa mwisho kuamua nani aingie na nani atoke.

Basi wagawieni watu ngazi kulingana na kazi zao. Mweka hazina na awe mhariri. Wakaguzi wa hesabu wawe watoa maoni. Wanachama wengine wote wawe watazamaji, kwani haja yao ni kuona, na kuona ni haki yao. Mwenyekiti au katibu awe mmiliki. Kila mmoja aalikwe kwa baruapepe yake mwenyewe, na neno lake la siri asilitoe kwa mtu yeyote, awe mume, mke au mwenyekiti.

Mkifanya hivyo, daftari lenyewe huwa shahidi. Huduma hii huweka kumbukumbu ya kila badiliko, ikionyesha lililofanywa, aliyelifanya na saa aliyolifanya, na aweza mtu kurudisha daftari lilivyokuwa kabla ya kosa. Mweka hazina wetu wa hapo juu angefungua kumbukumbu hiyo mbele ya mkutano, na shutuma zikaisha kabla chai haijapoa.

Jihadharini na linki. Pana uamuzi unaomruhusu yeyote mwenye linki kuingia. Ukiunganisha uamuzi huo na ruhusa ya kuhariri, umeuacha mlango wazi na kalamu mezani. Linki husafiri kutoka kundi moja hadi jingine, na anayeingia kwa njia hiyo huenda akaonekana kwa jina la mnyama tu, maana mtambo haumjui. Utamshtaki mnyama kwa chifu?

Wakubwa nao huteleza

Jambo hili halikuanzia kwenye vyama vyetu. Mwaka wa 1975 wataalamu wawili wa kompyuta nchini Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kwamba kila mtu na kila programu wapewe ruhusa ile tu inayohitajika kutimiza kazi yao, isizidi. Ni kanuni nyepesi kuisema, lakini hata wenye fedha nyingi huikiuka. Julai 2019 benki ya Capital One ya Marekani ilitangaza kwamba habari za watu wapatao milioni 100 nchini humo, na milioni 6 wa Kanada, zilikuwa zimechukuliwa kutoka ghala lake la mawinguni. Mtambo uliowekwa kuwa mlinzi wa mlango ulikuwa umepangwa vibaya, na juu ya hayo ulikuwa na ruhusa ya kufungua ghala ambazo kazi ya ulinzi haikuzihitaji. Mwizi alipomhadaa mlinzi, alizipata funguo zote.

Nasi hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Namba za vitambulisho na za simu zilizo katika daftari lenu ni habari za watu, si za kuanikwa kila mahali.

Mwenye nyumba akiondoka

Limebaki jambo linalosahaulika kuliko yote. Aghalabu mmiliki wa daftari ni yule kijana wa familia ajuaye kompyuta. Je, akihamia ng'ambo? Akikosana nanyi? Mungu apishe mbali, akiaga dunia? Akaunti yake ikifutwa, daftari laweza kwenda nayo. Google ilitangaza mwaka wa 2023 kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumiwa kwa miaka 2 yaweza kufutwa pamoja na yaliyomo. Basi afisa anapong'atuka, umiliki uhamishwe siku ile ile. Mpokeaji hutumiwa ombi, naye lazima alikubali. Katibu pia apakue nakala ya daftari kila mwisho wa mwezi na kuihifadhi kwingine.

Aliyetoka chamani naye aondolewe kwenye orodha, kwa heshima na bila kelele. Kila baada ya miezi mitatu, litengeni jambo hili katika ajenda: nani bado ana ruhusa, na ya nini? Swali hilo halichukui hata dakika 10.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari mnalo, tena halichakai wala haliliwi na mchwa. Kabla hamjaanza mkutano wa Jumapili hii, lifungueni pale palipoandikwa majina ya walioruhusiwa, myasome kwa sauti, kisha muulizane kama kila mwenye kalamu bado ana kazi nayo.

Jumapili njema.