Kwa Yeyote Anayehusika

Mjukuu wangu alikuja nyumbani Arusha mwaka 2020, akiwa mwaka wa pili wa shahada ya uhasibu, akanionyesha barua aliyopewa na chuo chake. Ilikuwa na nembo na mhuri, na juu yake imeandikwa "Kwa Yeyote Anayehusika". Ilimwomba huyo yeyote ampokee mwanafunzi kwa mafunzo ya vitendo ya majuma manane. Nikamwuliza, "Na huyu anayehusika ni nani?" Akanijibu, "Babu, huyo ndiye ninayemtafuta."

Alimtafuta majuma matatu. Msomaji atakumbuka hali ya mwaka ule. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 wakashuka hadi kama 620,000. Arusha ni mji unaokula kwa mgeni, na mgeni asipofika hakosi mwenye hoteli peke yake: hukosa dereva, mfua mashuka, na mama aliyekuwa akipeleka mboga jikoni. Wahasibu wenye meza zao walikuwa wamepewa likizo bila malipo. Nani angempokea mwanafunzi?

Mwishowe kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilimpokea. Kumbe ilikuwa imempunguza karani wake wa mahesabu mwezi Mei, na sasa kazi za karani yule zote akapewa mjukuu wangu, bila posho, bila nauli, bila mtu wa kumwelekeza. Nauli ya daladala nilimpa mimi kila asubuhi. Yaani mwalimu mstaafu, kwa pensheni yake, alikuwa anaichangia kampuni ya utalii gharama za uendeshaji! Msimamizi kutoka chuoni alimkagua mara moja, kwa simu. Kisha daftari likagongwa mhuri, na ikahesabiwa kwamba kijana amefundishwa.

Nilipowasimulia wazee wenzangu jambo hili, walinijibu kwamba vijana wa siku hizi wanachagua kazi, na kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nathubutu kuwauliza: sisi tuliinama lini? Mwaka 1972, nilipomaliza mafunzo ya ualimu, barua ya kupangiwa kituo ilinifuata nyumbani, pamoja na waranti ya safari. Sikupeleka bahasha katika ofisi yoyote. Wenzangu waliosoma Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965, walikuwa wakingojewa na mashirika ya umma. Miaka ya 1990 mashirika mengi yalibinafsishwa na wafanyakazi wakapunguzwa, na mlango ule ukafungwa. Sisi tulikuwa tumekwisha kuingia. Leo tunawafundisha walio nje namna ya kubisha hodi, jambo ambalo hatukupata kulifanya hata siku moja.

Lakini hasira yangu kubwa ni juu ya vyuo, kwa sababu kazi ya chuo naijua. Katika miaka yote niliyoongoza chuo cha ualimu sikumtuma mwanachuo hata mmoja akajitafutie shule ya mazoezi. Niliwaandikia walimu wakuu na maofisa elimu miezi kadhaa kabla. Tulipatana idadi, tukauliza watalala wapi na nani atawasimamia. Shule moja ikikataa, nilitafuta nyingine. Hiyo ilikuwa kazi yangu, wala si ya mwanafunzi. Mwaka mmoja tulikosa fedha za dizeli, Land Rover ikabaki uani, nasi tukawagawa wanachuo katika shule za kufikika kwa miguu, wawili wawili kwa darasa. Walimu wakuu walinung'unika sana, nami nilistahili manung'uniko yale. Mazoezi yalifanyika.

Nitaambiwa kwamba shule zile zilikuwa za serikali, na kwamba kampuni binafsi haiwezi kuamrishwa, hasa mwaka ambao haina mapato. Ni kweli kabisa. Lakini ni nani aliyesema mhasibu hujifunza kwenye kampuni za utalii tu? Miezi ile ile kahawa ilikuwa ikivunwa mlimani, na vyama vya msingi vya ushirika vilikuwa vikipima na kuandika kilo za kila mkulima. Ziko SACCOS, ziko zahanati za makanisa, ziko shule zenye madaftari ya fedha ambayo mkaguzi akiyafungua hushika kichwa. Kijana mmoja akienda huko na barua isiyo na jina atatiliwa shaka, na ni haki atiliwe shaka, maana anaomba kufunguliwa vitabu vya fedha za watu. Chuo kikienda chenyewe, na mwalimu wake na dhamana yake, kitasikilizwa.

Basi chuo kisichompatia mwanafunzi mahali pa mafunzo kisimtoze ada ya mafunzo hayo, wala kisimnyime alama. Na mwajiri aliyemweka mwanafunzi kwenye kiti cha mtu aliyemwondoa amlipe walau nauli na chakula cha mchana, na aone haya kidogo.

Mjukuu wangu alihitimu mwaka 2021. Anatunza mahesabu ya duka la vipuri la mjomba wake, na kila asomapo tangazo la kazi hutafuta kwanza ule mstari wa uzoefu wa miaka mitatu. Barua ile ninayo katika faili langu. Pale palipoandikwa "Kwa Yeyote Anayehusika" nimepiga mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni nimeandika: Mkuu wa Chuo.