Kazi ya Umma Hainunuliwi

Nafasi za utumishi wa umma zinapotangazwa, wako vijana wetu wanaohangaikia fedha za kumhonga mkubwa badala ya kujiandaa kwa mahojiano. Jambo hili latusikitisha. Ibara ya 232 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataka watumishi wateuliwe kwa ushindani wa haki na kwa sifa, bila kuwasahau watu wa makabila yote, wanawake na wenye ulemavu. Basi kijana na aisome ibara hiyo, ajifunze kazi za idara anayoiomba, aandae vyeti vyake halisi, na akiri asilolijua. Viongozi wa jumuiya, wafanyisheni mazoezi ya kujibu maswali. Aliyenunua kiti cha ofisi atamtoza mjane gharama yake.